'Niwekee, nitarudi': Nilichojifunza nikiuza mitumba Umoja

Chini ya meza ya duka letu kuna katoni moja ambayo haiuzwi. Mteja akiinama kuchungulia, huwa namwambia, "Hizo zimeshikwa." Ndani mna nguo zilizokunjwa vizuri, kila moja imebanwa karatasi kwa pini. Hatuandiki majina ya kitambulisho. Tunaandika watu tunavyowajua mtaani: Mama Mayai, amelipa soo tatu, bado soo mbili. Dogo wa Boda, amelipa finje tu. Auntie wa Smokie, amelipa nusu. Askari wa Geti ya Kijani, atamaliza mwisho wa mwezi.

Wote hao walitamka neno ambalo ukikaa katika duka la mtush hapa Eastlands utalisikia kuliko hata "niaje". Neno lenyewe ni niwekee.

Huu ni mwaka wangu wa pili katika duka hili dogo la Umoja, si mbali na soko la Mutindwa. Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi hakuna, na bosi alitaka kijana wa kupiga nguo picha na kuzirusha Instagram. Nilidhani kazi yangu itaishia kwenye simu. Lakini duka la mitumba linafundisha mengi, na somo kubwa kuliko yote nililipata baada ya kumkosea mtu.

ALFAJIRI GIKOMBA

Ukinunua nguo mtandaoni, unakutana nayo ikiwa imefuliwa, imepigwa pasi na kuangikwa mbele ya ukuta mweupe. Safari yake huwa imeanza mbali.

Siku ya kuleta mali, mimi na bosi tunapanda matatu kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Tunashuka na Jogoo Road hadi City Stadium, kisha tunakata kwa miguu kupitia Burma mpaka Gikomba. Bado ni giza lakini soko limeshachangamka. Wabebaji wanapita na marobota mgongoni wakipaza sauti, "Pisha! Pisha!" Usipoangalia, mkokoteni utakupanda mguuni. Katikati ya matope yupo mama na thermos zake za chai, na hana hata dakika moja ya kupiga gumzo.

Robota la kawaida lina uzani wa kilo 45, na limebanwa likawa gumu kama jiwe. Unalinunua bila kuona kilichomo. Limeandikwa tu ni la jinzi za kiume au sweta za watoto. Likifunguliwa ukakuta mali safi, unatabasamu hadi Umoja. Ukikuta suruali zilizotoboka mahali ambapo hata mtindo hauruhusu, unameza mate na kuanza kuhesabu hasara. Bosi husema kufungua robota ni kama kufungua matokeo ya KCSE. Unajifanya huna wasiwasi, lakini mikono inakusaliti.

Hatuna pesa za robota zima kila wiki, kwa hivyo mara nyingi tunachagua kwa wenye marobota. Anayechagua kwanza hulipa zaidi, na anachopata ndicho kinachoitwa 'kamera', yaani nguo isiyo na doa wala mshono uliofumuka. Kadiri jua linavyopanda, bei inashuka. Jioni inabaki 'fagia', rundo la mwisho ambalo watu huinamia na kuchakura, finje moja, finje moja. Zisizovalika hukatwa matambara ya mafundi wa gereji. Zinazobaki huishia jaani Dandora, au ndani ya Mto Nairobi unaopita kando ya soko. Ukisimama ukingoni utaona vipande vya nguo vimenasa kwenye matope, nguo zilizovuka bahari kuja kufia hapo.

Usiidharau biashara hii. Utafiti wa Taasisi ya Masuala ya Uchumi (IEA) ulionyesha kwamba mwaka wa 2019 Kenya iliagiza takriban tani 185,000 za mitumba. Nyuma ya tani hizo kuna anayeshusha, anayebeba, anayechagua, anayefua, anayepiga pasi, anayeshona, na mimi ninayepiga picha.

Lakini ni riziki inayoning'inia kwenye uzi. Gikomba imeungua mara nyingi mno. Moto wa Juni 28, 2018 uliua watu 15. Bosi aliwahi kupoteza kibanda chake katika moto mwingine, na anasema kilichomuuma zaidi si mali yake bali nguo tatu za watu zilizokuwa zimewekwa. Aliwarudishia pesa zao kidogo kidogo kwa miezi.

Kisha ikaja corona. Machi 2020 serikali ilipiga marufuku uagizaji wa mitumba, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Agosti. Mali ilipokwisha, bosi aliweka nyanya na vitunguu juu ya meza ile ile. Chini ya meza katoni ilikuwa na nguo tisa. Wenyewe walikuwa wamesimamishwa kazi, wengine wamerudi ushago. Watu walimwambia aziuze, maana nguo zilikuwa zimeanza kuadimika na bei imepanda. Alikataa. Wa mwisho kati ya wale tisa alikuja kuchukua yake Desemba.

Nilipoajiriwa alinisimulia hadithi hiyo siku ya kwanza. Niliisikiliza kama mtu anavyosikiliza maelezo ya usalama ndani ya ndege.

WATU WA MEZANI

Meza iko nje ya mlango, na nguo nzuri zimeangikwa ndani. Watu wa mezani huja jioni, wakishuka kwenye matatu, wakiwa na mfuko wa sukuma mkononi.

Kuna baba mmoja wa mjengo aliyekuja na kijiti mfukoni. Alikuwa amekikata sawa na urefu wa mguu wa binti yake aliyelala. Alikuwa anatoka nyumbani kabla mtoto hajaamka na kurudi akiwa amelala, kwa hivyo alimpima usingizini. Akawa anaingiza kijiti ndani ya kiatu kimoja baada ya kingine, taratibu, kama daktari. Alipopata kinachotosha akatoa tena kijiti, akakivunja, akasema, "Hichi sikihitaji tena. Mwaka ujao nitakata kirefu." Mpaka leo nikiona viatu vyeusi vya shule humkumbuka.

Kuna kijana aliyekuja saa moja usiku akitaka shati jeupe na tai. Kesho yake alikuwa na mahojiano ya kazi Industrial Area. Shati lilikuwa soo tatu na nusu, yeye alikuwa na soo mbili, na nauli ilikuwa humo humo. Akainamisha kichwa. "Mathe, nikodishie. Kesho jioni narudisha."

Bosi hakujibu. Aliwasha pasi. Alimpigia shati lile, akampa na tai, na hakuchukua shilingi. Kesho yake jioni kijana alirudisha, limekunjwa, limeanza kunuka jasho la kungoja. Kazi alikuwa hajapata. Wiki mbili baadaye akaja tena, akarudisha tena. Mara ya tatu vivyo hivyo. Mara ya nne alichukua shati na hatukumwona tena. Mimi nasema tulipoteza shati. Bosi anasema kijana alipata kazi. Mjadala huo haujaisha.

Na kuna M-Pesa, ambayo ina mambo yake. Unaweza kumwita mtu Mama Mayai mwaka mzima, mnataniana, unajua mpaka kuku wake wangapi wanataga. Siku anapolipa kwa simu, ujumbe unaingia na majina yake yote ya kitambulisho, na unashtuka kwamba kumbe ana jina la kifahari hivyo. Unamtazama upya. Unakumbuka kwamba kila mtu anayechakura hapo mezani ana maisha kamili mahali fulani.

FUNDI WA MLANGO WA PILI

Mlango wa pili kuna fundi mzee na cherehani lake la kukanyaga kwa miguu. Nguo za Ulaya na Marekani zimeshonewa watu wa miili mingine, kwa hivyo bila yeye nusu ya mali yetu haiuziki. Anafupisha mikono, anapunguza viuno, anabadilisha zipu. Ukimpa nguo haangalii lebo. Anaisugua kati ya vidole viwili na kusema, "Hii ni pamba," au "Hii ni plastiki, utaivua ukiwa umeiva."

Vidole hivyo alivifundishia Eldoret, katika kiwanda cha nguo alikofanya kazi ujanani. Kizazi chake kinakumbuka Rivatex ya Eldoret na Kicomi ya Kisumu zikivisha nchi. Soko lilipofunguliwa miaka ya tisini, mitumba ikamiminika na viwanda vikaanza kuyumba. Rivatex ilisambaratika mwaka wa 2000, kabla ya Chuo Kikuu cha Moi kuinunua 2007 ili kuifufua.

Siku moja nilimuuliza kama hatuchukii sisi wauza mitumba. Alicheka huku mguu ukiendelea kukanyaga. "Kijana, kiwanda hakikuuawa na mtu mmoja. Kulikuwa na stima ghali, kulikuwa na usimamizi mbaya, kulikuwa na wizi. Mitumba ilikuja ikapata mgonjwa yuko kitandani tayari." Akakata uzi kwa meno. "Na leo inanilisha. Nitamchukia anayenilisha?"

Hoja hiyo haijawahi kuisha nchini. Mwaka wa 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA, na Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na 2018 ikasimamishiwa nafasi hiyo kwa upande wa nguo. Katika kampeni za uchaguzi wa 2022 mitumba ikawa tena gumzo la majukwaani. Wakati wanasiasa wanabishana, Mama Mayai anauliza kama sweta ya mtoto iko.

SUTI YA KIJIVU

Sasa nifike nilipokosea.

Duka letu lina bei mbili, na sitaficha. Koti ambalo mezani ni soo tano, Instagram linaweza kwenda kwa thao moja, usafirishaji juu ya mteja. Wa mtandaoni ananunua picha, muda wangu wa kuifua na kuipiga pasi, na raha ya kutosukumana Gikomba. Vijana wenzangu wanaita 'thrift', na neno hilo peke yake linaongeza soo mbili. Hakuna ubaya hapo. Ubaya unaanza wateja hawa wawili wanapotaka kitu kimoja.

Jumatatu moja alikuja mama ambaye hufulia watu nguo huko Donholm na Buruburu. Mtoto wake wa kwanza alikuwa anafuzu diploma, wa kwanza katika familia yao kuvaa joho. Aliona suti ya kijivu iliyoangikwa ndani. Akaishika mkono, akaigeuza akakagua mshono wa ndani, akaguna. Mtu anayefua nguo za wenye pesa anajua suti nzuri. Bei ilikuwa elfu moja mia nane. Akatoa mia sita, noti zimekunjwa kidogo kama vidonge.

"Niwekee, mwanangu. Jumamosi asubuhi nakuja na zote. Sherehe ni mchana."

Nikaandika karatasi: Mama Fua wa Jumamosi, 600, bado 1,200. Nikaikunja suti nikaitia kwenye katoni.

Tatizo ni kwamba Jumapili nilikuwa nimeirusha suti hiyo Instagram na sikuiondoa. Alhamisi bosi yuko Gikomba, ujumbe ukaingia. Jamaa wa South B anaitaka. Nikamwambia imeshikwa. Akasema atalipa elfu tatu na mia tano, sasa hivi, boda wake ako njiani.

Nilihesabu haraka. Faida yake ilikuwa mara mbili. Mama nitamrudishia mia sita zake, au bosi atarudi na suti nyingine. Suti si suti? Nikajiambia hata bosi atafurahi. Simu ikalia, pesa zikaingia. Nilibandua karatasi kwenye pini nikaikunja, nikaitia mfukoni. Nadhani nilijua tayari, kwa sababu kama sikuwa na la kuficha, ningeitupa kwenye pipa mbele ya watu.

Bosi aliporudi nilimwonyesha ujumbe wa M-Pesa nikitabasamu. Aliusoma, akauliza, "Suti gani?" Nikamwambia. Akainama, akavuta katoni, akaangalia ndani kwa muda mrefu.

Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Hizo elfu tatu na mia tano si zako wala si zangu. Tumeuza kitu cha mwenyewe."

Ijumaa jioni, siku moja kabla ya tuliyoagana, mama akaja. Alikuwa amepata kazi ya ziada akamaliza deni mapema. Mkononi alikuwa na blazer ya zamani ya shule ya mwanawe, ameileta tulinganishe mabega ili fundi arekebishe usiku huo. Aliweka pesa mezani kabla hata ya kusalimia vizuri. Elfu moja mia mbili, na sarafu zimo.

Nilitaka bosi aseme. Bosi akanitazama mimi. Ikabidi niseme.

Mama hakulia wala hakutukana. Alinyoosha mkono, akazikusanya zile sarafu moja moja, akazirudisha kwenye leso. Halafu akauliza, "Alikupa ngapi?"

Nikamwambia.

"Basi," akasema. "Mimi singeweza."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa ndani ya ile katoni. Mtu wa kibarua hana benki inayomngoja. Duka kubwa halitamwekea suti kwa mia sita. Anachoweza kufanya ni kuchagua kitu leo akiwa na pesa kidogo, na kuamini kwamba mtu fulani hatakiuza kwa mwenye nyingi kesho. Mimi nilikuwa mtu huyo fulani.

Jumamosi saa kumi alfajiri mimi na bosi tulikuwa njiani, blazer ya shule ndani ya begi langu. Tulizunguka Gikomba tukiuliza kila mwenye suti. Saa mbili kasorobo tulipata moja ya bluu nyeusi, kamera, mabega yakakubaliana na blazer lakini mikono mirefu. Nililipa kutoka mfukoni mwangu na bado nikakopa kwa bosi. Fundi aliiacha kazi ya watu wengine, akafupisha mikono huku mama amesimama mlangoni, akiangalia saa ya simu.

Alilipa elfu moja mia mbili zilizobaki. Nilimwambia asilipe. Akasema, "Tulikubaliana elfu moja mia nane," akaziweka mezani, akachukua suti na blazer, akaenda mbio kutafuta matatu.

Baadaye bosi alituma mia saba kwa jamaa wa South B. Yule alishangaa, hakuwa amedai. Alitaka kujua ni za nini. Bosi akamwandikia kwamba bei ya duka haipandi kwa sababu mtu mwingine ameishika kwanza. Elfu moja zilizosalia za faida aliniambia niziweke kwenye mkebe wa katoni. Ndizo tunazotumia sasa mtu anapobakisha kidogo na siku imefika.

BADO NINGALI NANGOJA

Mama yule hajatuhama. Bado hupita jioni akitoka kufua, vidole vimekunjamana kwa maji, anauliza kama kuna sweta au sare za shule. Mimi hunisalimia vizuri tu, hata anauliza hali ya masomo ya dada yangu. Mwanawe alivaa ile suti ya bluu. Tulionyeshwa picha, na mikono ilikaa sawa.

Lakini akitaka kuwekewa kitu, humngoja bosi. Akikuta bosi hayuko, anashika nguo, anaigeuza, anairudisha mahali pake na kusema atapita kesho. Wiki iliyopita alikuja na mia mbili za sweta ya mjukuu. Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko bosi. Alinyoosha mkono akanipita, akampa bosi zile noti, akasema, "Niwekee."

Bosi akanipa sweta na kalamu. Nikaandika karatasi, nikaibana kwa pini, nikaikunja sweta vizuri na kuitia kwenye katoni, chini kabisa, mahali ambapo mkono wa mteja hauwezi kufika.